Bwawa tulifaidi kandoni, kuogelea twendeni pwani

Bwawa la bonde letu lilijengwa kwa ajili ya mpunga. Siku hizi lina kazi ya pili ambayo hakuna aliyeipanga. Ijumaa baada ya sala na siku za Sikukuu vijana hujaa pale na mishipi yao, wacheza mpira huteremka kujimwagia maji, na watoto wakitoka chuo cha Kurani hupitia huko kabla ya kurudi nyumbani. Mimi nalima chini ya bwawa hilo na nimo katika kamati ya wakulima, kwa hiyo naliona masika na kiangazi. Nimefikia rai moja, na kila mzazi ninayekutana naye namwambia: kandoni mwa bwawa tukae tufurahi, lakini mtoto anayetaka kuogelea apelekwe baharini. Pemba ni kisiwa chembamba, na pwani haiko mbali na kijiji chochote.

Sababu ya kwanza ni kichocho. Konokono wadogo wa maji baridi, wale wanaoganda kwenye majani ya yungiyungi na vijiti vilivyozama, ndio wanaokibeba. Mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yaliyomo mkojoni yanatotolewa na vijidudu vinaingia kwa konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kumwaga vijidudu vingine kwa wingi, navyo huogelea kutafuta ngozi ya mtu. Havionekani kwa macho, na dakika chache majini zinavitosha kupenya, kisha hukua mwilini kuwa minyoo. Hutoka zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia karibu na adhuhuri, na huo ndio wakati watoto wanapotoka skuli. Baharini konokono hao hawaishi.

Kuanzia mwaka 2012 Unguja na Pemba tuligawiwa dawa ya kichocho shehia kwa shehia, mara mbili kwa mwaka, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi imefanya kazi kubwa ya kuufuatilia ugonjwa huu. Umepungua sana, hilo sote tunaliona. Lakini haujatoka, na mabonde ya Pemba bado yana sehemu unakorudi. Dawa yenyewe, praziquantel, inaua minyoo iliyokwisha kukomaa. Haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto akinywa vidonge asubuhi na kuingia bwawani wiki inayofuata, anaweza kuanza upya.

Mpwa wangu alipopata kichocho aliona haya kusema. Mama yake alikuja kugundua kwa doa la damu kwenye nguo ya ndani wakati wa kufua. Kwa hiyo, wazazi wenzangu, msingoje mtoto aseme. Muulizeni waziwazi: mwisho wa mkojo unatoka damu? Unaumia ukikojoa? Na wasichana waulizwe pia, kwa upole na faragha, maana kwao kichocho huweza kudhuru hata njia ya uzazi, na mara nyingi wanafikiriwa maradhi mengine ya aibu wasiyonayo. Jibu likiwa ndiyo, nendeni kituo cha afya.

Sababu ya pili ni maji yenyewe. Watoto wetu wengi wamejifunzia kuogelea baharini, na wanapoingia bwawani wanadhani ujuzi ni ule ule. Chumvi ya bahari inambeba mtu, ilhali maji baridi hayambebi hivyo. Aliyezoea kupumzika kwa kuelea akiwa bandarini hujikuta bwawani anashuka. Chini kuna tope linaloshika mguu mpaka gotini, na karibu na tuta, ule ukingo wa udongo unaozuia maji, ardhi inakatika ghafla: hatua mbili maji ya kiuno, ya tatu hukanyagi kitu. Zaidi ya yote, maji ni ya udongo. Mtu akizama urefu wa mkono tu, huyu aliye juu hamwoni.

Na anayezama hapigi kelele. Hana pumzi ya kupiga kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma maji chini, na chini ya dakika moja amekwisha kuzama. Ndiyo maana kundi la watoto kumi wenye furaha halitoshi kuwa ulinzi. Anatakiwa mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, asiye na simu mkononi.

Sisi tumefunga dumu tupu la lita tano kwenye kamba ndefu na kulitundika kwenye nguzo kando ya mlango wa maji, ule unaofunguliwa kupeleka maji mashambani. Dumu limetiwa maji kidogo ndani, kiasi cha vikombe viwili, kwa sababu likiwa tupu kabisa upepo wa kusi unalirudisha. Kifuniko kikazwe. Kijana mmoja alitolewa kwa dumu hilo: alirushiwa likapita nyuma yake, kamba ikamfikia begani, akaikamata, akavutwa. Aliyemvuta hakuingia majini, na nawasihi msiingie. Anayezama hushika chochote, na mara nyingi wanakwenda wawili.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumbonyeza tumbo, kama tulivyozoea kuona wazee wakifanya. Muda huo ni wa kumpa pumzi. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, pulizia pumzi tano mpaka kifua kinyanyuke. Kisha bonyeza kifua mara 30 na pumzi mbili, uendelee hivyo huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka na kusema hajambo, apelekwe hospitali, maana mapafu yaliyoingia maji huweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Sasa tuta. Watu wanaokwenda bwawani kustarehe huliona kama ukuta tu wa kukalia, na sisi tulio chini yake tunajua kilicho nyuma yake. Tuta la udongo lina adui wawili wakubwa: maji kupita juu yake, na maji kupita ndani yake.

Yanayopita juu yanazuiwa na utoro wa maji, ile njia pembeni inayotoa maji ya ziada masika yakikolea. Huko ndiko wavuvi wetu hupenda kutega, wakipanga mawe na nyavu ili samaki wasitoroke. Mawe hayo yakikusanya majani na magogo usiku wa mvua kubwa, maji hayana pa kutokea isipokuwa juu ya tuta, na yakianza kuteremka upande wa nyuma yanakata udongo haraka kuliko watu wanavyoweza kujaza viroba vya mchanga. Utoro uwe mtupu kabla ya Machi. Tena watoto wasipite ndani yake maji yanapokwenda. Maji ya gotini yenye kasi, juu ya saruji yenye utelezi wa kijani, yanamwangusha hata mtu mzima.

Yanayopita ndani ni ya kuvizia. Nyuma ya tuta huwa pana sehemu yenye unyevu, majani yamestawi kuliko kwingine. Nenda na chupa tupu inayoonyesha ndani, kinga maji yanayochuruzika, iweke kivulini uisubiri. Yakibaki maangavu, weka alama kwa kijiti na urudi kuangalia kama yanaongezeka. Yakiwa na rangi ya udongo, au mchanga laini ukatua chini ya chupa, tuta linaliwa kutoka ndani. Siku hiyo hiyo mwambieni sheha na bwana shamba, muwaondoe watu juu ya tuta na chini yake, na msijaribu kuziba tundu kwa upande wa nje. Mashimo ya panya, migomba iliyopandwa juu ya tuta, njia ya ng'ombe iliyochimbika ikawa bonde dogo, vyote hivyo ndivyo vinavyoanzisha mambo. Sisi tumewahamishia ng'ombe njia yao.

Na mlango wa maji: anayekwenda kuufungua azunguke kwanza bwawa zima na kuwatoa watu. Bomba la mlango huo linavuta kwa nguvu zisizoonekana juu ya maji.

Ukishayajua hayo, kandoni pana raha yake. Kuvua perege kwa mshipi, kivuli cha mwembe, kahawa, mpira kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Mkojo uishie chooni, na choo kichimbwe mbali na maji.

Kuhusu kuogelea, chagueni siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, si bamvua, na muingie maji yakiwa yanajaa, maana yakikupwa yanavuta nje. Somo la kwanza liwe kulala chali na kuelea, kabla ya kupiga mikono. Nungwi, upande wa Unguja, mradi wa Panje umefundisha watoto wengi kwa njia ya namna hiyo, wasichana wakiwemo, bila mtu kuvunja stara yake. Msichana mvalisheni suruali na fulana ndefu ya kitambaa chepesi. Baibui likirowa ni mzigo.