Nilibeba godoro, insulini kabeba mgonjwa mwenyewe

Juzi dada mmoja kanitumia inbox: "Da, maji yashafika mtaa wa pili, mama ana sukari, nianze na nini?" Nikamjibu hapohapo, maana hilo swali lilishanitesa.

Aprili 2024, mafuriko ya Rufiji. Tulitoka usiku, kwetu karibu na Mohoro, maji kiunoni, kila mtu anabeba kilicho karibu, mi nikabeba godoro. Godoro jamani! Mdogo wangu ana miaka 16, anajichoma insulini, dawa ya sukari, asubuhi na jioni, na aliyekumbuka vichupa ni yeye mwenyewe, kavifunga kwenye soksi.

Kambini unaulizwa malaria, kuhara, unga. Wa sukari na presha hawaonekani, hawana homa wala kidonda. Nikampelekea mhudumu mmoja vile vichupa, akavishika, akasema vya moto hivi, vishaharibika, tupa. Nikatupa! Sikuuliza hata "sasa achome nini?" Kesho yake jioni mtoto anatapika, anahema mbiombio, kiu haiishi, mdomo unanuka kama embe lililoiva likapitiliza. Boti, bodaboda, dripu. Alipona, alhamdulillah, ila yule mhudumu moyoni bado hajatoka.

Maana baadaye ndo nasoma kwamba MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, na Chuo Kikuu cha Geneva walishapima insulini kwa joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, nyuzi 25 usiku mpaka 37 mchana, ikakaa wiki nne na nguvu yake ileile. Wiki nne! Zetu zilikuwa na siku mbili nje ya friji.

Kwa hiyo nyie, msitupe kirahisi. Funga kwenye nailoni, weka ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo, kivulini, barafu isiiguse. Ikifanya mabongemabonge hiyo ndo mbovu, tafuta nyingine siku hiyohiyo. Chakula kikiwa cha shida muulize daktari apunguze dozi, usiache mwenyewe, na mfukoni weka sukari ya kulamba akianza kutetemeka. Kadi ya kliniki ipige picha. Vidonge vya presha navyo, usiviache eti "najisikia vizuri". Mnaweka chaja ya simu tayari, dawa ya mama inawashinda nini? Begi la dawa likae mlangoni. Mlangoni, sio juu ya kabati.

Jana yule dada kanitumia picha, begi linaning'inia mlangoni kweli. Kasahau sindano. Nimempigia.