Kisanduku cha KE/ME hakitoshi

Swali: Nasoma shahada ya uzamili. Nataka kupima matende na mabusha kwenye vijiji vya wavuvi Mkinga, Tanga. Msimamizi amerudisha andiko langu, anasema halijazingatia jinsi na jinsia. Dodoso lina KE/ME na nitapata watu 300. Kimepungua nini?

Jibu: Kingi, ndugu yangu. Jinsi ni maumbile. Jinsia ni majukumu ambayo jamii imempa mtu. Umebeba la kwanza tu, tena nusu.

Anza na nani utamwita mgonjwa. Ukitia matende na mabusha fungu moja, wanaume watazidi hata kama maambukizi ni sawa, maana busha ni la mwanamume peke yake. Maambukizi, matende, mabusha: kila kimoja na safu yake. Busha likaguliwe faraghani na mganga wa kiume, la sivyo watalificha.

Damu ndiyo yenye mtego. Vijiminyoo vya Wuchereria bancrofti, mnyoo wa matende na mabusha anayeenezwa na mbu, hujaa kwenye damu ya kidole kati ya saa 4 na saa 8 usiku, saa ambazo mvuvi wa dagaa yuko baharini na taa zake. Utawapima wazee na wanawake, kisha uite hicho kijiji. Nenda wakati wa mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na vyombo vimepumzika. Ila hapo ni bamvua pia, maji hujaa na kupwa sana, na mchana maji yakitoka kina mama wako kwenye mwani; basi hata dodoso liulizwe usiku. Kipimo cha antijeni (chembechembe za mnyoo kwenye damu) hakichagui saa, lakini hakikuonyeshi vijiminyoo vinavyozunguka.

Kisha dawa za kampeni, zile za kumezesha kijiji kizima kuzuia ugonjwa huu. Mjamzito hapewi ivermektini na albendazoli, kwa hiyo aliyebeba mimba kampeni mbili amekosa dozi mbili. Uliza mwaka kwa mwaka, si "uliwahi kumeza?"

Watu 300 hawafiki. Kutofautisha maambukizi ya 30% kwa wanaume na 20% kwa wanawake, kwa nguvu ya 80% (nafasi ya kuinasa tofauti ikiwa ipo) na kiwango cha 5% (nafasi ya kudai tofauti isiyokuwepo), unahitaji takriban 293 kila upande. Wanakijiji hufanana, kwa hiyo zidisha, tuseme kwa 1.5: ni 440 kila upande. Na ukichunguza kama chandarua kinawakinga tofauti, usiseme tofauti ipo kwa kuwa p (nafasi ya kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ni 0.03 kwa wanaume na 0.20 kwa wanawake. Pima mwingiliano wa jinsi na chandarua ndani ya modeli moja ya takwimu, nao unadai watu wengi zaidi ya hao.