Kwa Nini Damu Saa Nne Usiku? Na Maswali Mengine ya Wasomaji

Mwezi huu barua nyingi zimehusu taasisi za serikali za utafiti wa magonjwa: wanachotafuta mitaani kwetu, namna ya kuwatembelea, na jinsi wanavyotufundisha.

Vijana wenye vitambulisho vya utafiti walipita mtaani kwetu mchana wakasema watarudi saa nne usiku kutoboa watu vidole. Kwani mchana damu haipo? Majirani wamekataa, wanasema hao ni mumiani. — Mama wa Vingunguti

Mama, saa hiyo huamuliwa na mnyoo mwenyewe. Wanaotoboa vidole usiku kwa kawaida wanatafuta minyoo ya matende na mabusha. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa ya limfu, na majike huzaa vitoto visivyoonekana kwa macho. Mchana vitoto hivyo hujibanza kwenye mishipa midogo ya damu ya mapafu. Usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane, hutoka na kuzunguka kwenye damu iliyo karibu na ngozi, wakati uleule ambapo kuleksi, yule mbu wa vyoo na mitaro ya maji machafu, anatafuta wa kumng'ata. Mpime mtu huyohuyo saa sita mchana, utakuta slaidi (kile kioo cha kupakia damu) ni safi kabisa ilhali minyoo anayo.

Kinachochukuliwa ni mikrolita 60 (mililita moja ina mikrolita 1,000), yaani mistari mitatu ya mikrolita 20 juu ya kipande cha kioo. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo ili kukijaza ingebidi watoboe vidole vya watu zaidi ya 80. Anayechangia damu hospitali hutoa mililita 450 kwa mkao mmoja.

Kipimo cha mchana kipo pia. Ni utepe unaotafuta dalili za mnyoo mkubwa ndani ya damu; unatumia mikrolita 75 na husomwa dakika ya 10 kamili, maana ukicheleweshwa mstari wa uongo unaweza kujitokeza. Lakini utepe huo unaweza kuendelea kusema "yupo" hata baada ya dawa kufagia vitoto vyote kwenye damu. Anayetaka kujua kama mtu bado anaweza kumwambukiza mbu, na mbu amwambukize jirani, lazima aje usiku na slaidi.

Hofu ya mumiani ni kongwe hapa Dar es Salaam. Enzi za mkoloni watu walilikimbia hata gari la zimamoto. Haiondoki kwa kuwacheka wenye hofu. Timu inayojua kazi yake huanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku kadhaa kabla, huitisha mkutano mchana, huonyesha slaidi na lanseti, kile kisindano cha kutobolea kidole, na huruhusu watu wazishike. Usiku huongozana na mjumbe au mhudumu wa afya anayejulikana mtaani. Kila lanseti hufunguliwa mbele ya macho yako na ikishatumika hutupwa kwenye boksi gumu la vitu vyenye ncha kali. Ukiona moja inagusa vidole viwili, kataa na utoe taarifa zahanati. Kama vijana hao hawakupita serikali ya mtaa, kosa ni lao, na majirani zako wana haki ya kubaki na milango imefungwa.

Waulize pia majibu yatarudi lini na yataletwa na nani. Hapo ndipo timu nyingi huharibu: damu huondoka, majibu hayarudi, na timu inayofuata hukuta mtaa umenuna.

Dawa za kingatiba za ugonjwa huu, ivamektini na albendazoli, ni jambo jingine ingawa watu huzichanganya na utafiti. Hizo hugawiwa kwa kampeni, na ivamektini kila mtu hupewa kwa kipimo cha urefu wake. Mwenye vitoto vingi mwilini anaweza kupata homa na kuumwa kichwa kwa siku moja au mbili, kwa sababu vinakufa kwa wingi kwa mara moja. Mjamzito, mgonjwa mahututi na mtoto aliye chini ya sentimita 90 hawapewi ivamektini.

Hizi taasisi za utafiti ni hospitali? Nina kikohozi cha muda mrefu, nataka niende kwao moja kwa moja. — Mzee wa Kariakoo

Shikamoo mzee. Hapana, si hospitali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979 ili ifanye, iratibu na kusimamia utafiti, na vituo vyake vimetawanyika nchini: Amani, Tanga, Mwanza, Tabora, Mbeya, Tukuyu, na hapa Muhimbili. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipeleke zahanati ya karibu leo, utoe makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure.

Nafundisha sayansi sekondari. Nataka wanafunzi waione maabara ya utafiti wa malaria, na pia niwe na onyesho darasani. Nianzie wapi? — Mwalimu, Mbagala

Barua, mwalimu, ipitie kwa mkuu wa shule na iombe kitu kimoja. "Ziara ya kujifunza" ni ombi ambalo kila ofisi huliweka kando. Andika: wanafunzi 30 wa kidato cha tatu, wagawanywe makundi matatu, wanataka kuona jinsi slaidi ya malaria inavyopakwa, kutiwa rangi na kusomwa. Taja tarehe mbili mbadala na namba ya simu. Kumi kumi ndiyo idadi inayofaa kuzunguka meza moja. Wakizidi hapo wa nyuma huona migongo ya wenzao tu. Viatu viwe vya kufunika vidole, na chakula kibaki kwenye basi.

Wakifika, mtaalamu aulizwe jambo hili: kwa nini tone nene la damu halioshwi kwa methanoli ilhali tone jembamba, lililotandazwa, lazima lioshwe? Methanoli hukaza chembe nyekundu zisipasuke. Kwenye tone jembamba tunataka zibaki nzima ili tuone kimelea akiwa ndani yake na tumtambue ni wa aina gani. Kwenye tone nene tunataka zipasuke, maana zimerundikana tabaka juu ya tabaka na huwezi kuona kitu kupitia kwake. Mara nyingi yote mawili huwa kwenye kioo kimoja, na methanoli ikimwagikia lile nene, slaidi imeharibika. Swali hilo moja litawafundisha zaidi ya hotuba ya saa nzima.

Onyesho la darasani halihitaji damu ya mtu. Tumia viluwiluwi wa mbu. Teka maji kwa kikombe chenye mpini (wataalamu hutumia cha mililita 350), kukiwa na mtu mzima mwenye buti na glavu. Wanafunzi wasiingie majini, kichocho bado kipo jijini. Mimina kwenye beseni jeupe na uangalie wanavyokaa. Anofelesi, anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa sababu hana mrija wa kupumulia. Kuleksi na aedesi (mbu wa dengi) huning'inia kichwa chini, mrija juu. Wakikuletea maji ya mtaroni watakuwa kuleksi karibu wote, na wanafunzi watadhani wamewaona wa malaria. Anofelesi watafute kwenye madimbwi yanayopigwa na jua, nyayo za ng'ombe na matuta ya bustani za mchicha.

Wahamishe kwenye chupa pana ukitumia maji yaleyale waliyotoka. Maji ya bomba yenye klorini hulazwa wazi usiku mmoja kwanza. Chakula ni unga wa biskuti, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili tu kwa siku. Kosa la kawaida ni kuwashibisha: utando unajitanda juu, hewa inakosekana, na siku ya tatu wote wamekufa na darasa linanuka. Funika kwa kipande cha chandarua na mpira. Kwa joto la Dar es Salaam yai hufika mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo onyesho lililoanza Jumatatu lisiachwe bila mtu wikiendi.

Pitisha mkono juu ya chupa: kivuli kikiwagusa watazama wote. Kisha kwenye chupa ya pili dondosha matone machache ya mafuta ya kupikia. Utando wa mafuta huziba njia ya hewa, na baada ya saa chache wanakufa. Waambie hapohapo kwamba mafuta hayamwagwi mtaroni. Kazi hiyo ina dawa yake, ya bakteria, inayotengenezwa kiwandani Kibaha. Mpango wa jiji ulianza kunyunyiza dawa ya aina hiyo mwaka 2006 katika kata za Buguruni, Kurasini na Mikocheni, ukitumia watu wa mitaa hiyohiyo. Kiluwiluwi hufa kwa kuila dawa hiyo. Pupa, hatua inayofuata kabla ya mbu kamili, hali chochote, hivyo inampita bila kumdhuru; ndiyo maana unyunyizaji hurudiwa kila wiki, kabla viluwiluwi wapya hawajafika hatua hiyo.

Ukimaliza mwaga maji juu ya mchanga mkavu wenye jua kali, halafu sugua chupa ndani kwa brashi. Mayai ya aedesi, mbu wa dengi, hugandia kwenye kuta za chupa na huweza kukaa makavu kwa miezi. Yakipata maji yanaanguliwa. Suuza tu haitoshi.

Nimeombwa kushiriki utafiti wa dawa na nimepewa karatasi za ridhaa kurasa sita. Nikisaini nimejifunga? — Kijana wa Sinza

Hujajifunga. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Ukurasa wa kwanza au wa mwisho tafuta namba ya kibali cha taifa. Mara nyingi huanza na NIMR/HQ/R.8a. Kibali huwa na muda wake, na utafiti unaoendelea unahuishwa, kwa hiyo angalia tarehe. Lazima kuwe na simu mbili: ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Yenye simu ya mtafiti peke yake irudishe, maana ukigombana naye utamshtakia nani?

Uliza kiasi cha damu kwa mililita, mara ngapi, itahifadhiwa miaka mingapi, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Hilo la mwisho linahitaji ridhaa ya wazi. Nauli na fidia ya muda ni halali. Pesa nono za kumfumba mtu macho asione hatari si halali. Nakala moja ya karatasi inabaki kwako. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyekuwa mtumishi wa utafiti, kisha huweka dole gumba. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwake mwenyewe.

Nasimamia elimu kwa umma katika taasisi ya utafiti. Kila Sabasaba tunapanga banda, watu wanachukua vipeperushi na kupita. Tunakosea wapi? — Ofisa, Ilala

Vipeperushi vyenyewe, kwa kuanzia. Vingi ni muhtasari wa ripoti uliogeuzwa Kiswahili neno kwa neno. Mtu anakutana na "kiwango cha maambukizi" kabla hajajua ni maambukizi ya nini. Andika karatasi moja ya ukubwa wa A5, swali moja, jibu moja. Kabla ya kuchapa nakala 5,000, wape watu kumi stendi ya daladala waisome kwa sauti. Wanapokwama ndipo pa kuandika upya. Wenzako wa ofisini hawafai kwa jaribio hili, wameshazoea lugha yenu.

Weka hadubini, lakini acha lenzi ya 100 inayohitaji mafuta. Kwenye msongamano wa Barabara ya Kilwa mtu ataigusa, lenzi itabonyea slaidi na kuivunja, na vumbi litaganda kwenye mafuta. Lenzi ya 10 yatosha kabisa kwa mguu wa mbu au kitoto cha mnyoo wa matende kwenye slaidi iliyokwisha kutiwa rangi na kufunikwa. Fungia kamera na skrini, kwa sababu foleni ya jicho moja moja inawakimbiza wenye watoto. Na mweke mezani mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku maabara, hata kama si msemaji hodari. Wanafunzi wa kujitolea waliokariri bango huishiwa kwenye swali la pili.

Upimaji wa malaria bandani hatuushauri, ila mkiung'ang'ania, awepo mtaalamu mwenye sifa na njia ya kumpeleka mgonjwa kituoni siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka hutumia mikrolita 5 na husomwa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Mstari wa C, unaothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, hakuna jibu, rudia. Hema la turubai mchana hupanda joto kuliko uwanja, kwa hiyo maboksi yakae kwenye kivuli pamoja na kipimajoto. Kila atakayepimwa aulizwe kama ametumia dawa ya malaria wiki chache zilizopita, maana kipimo hiki kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, naye ataondoka bandani kwenu akiwa na hofu na dozi ya pili asiyoihitaji.