Maswali ya Wasomaji: Dereva Mpya na Nafasi Iliyo Mbele Yake

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana ambao bado wanajifunza udereva au waliopata leseni miezi michache iliyopita, na moja imetoka kwa mzazi. Nimechagua sita, nami nimezijibu kwa urefu usiolingana kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa. Sheria za barabarani hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata upande wa barabara unaoendeshewa, kwa hiyo nimeshikamana na yale yaliyo ya jumla, na msomaji anapaswa kukisoma pia kitabu cha sheria cha nchi yake.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 17. Mtihani wa nadharia nilijibu maswali yote, na alama za barabarani nazijua zote. Lakini kila tukiingia barabarani mwalimu wangu ananiambia kwamba ninatazama ila sioni. Nikimwuliza nisichokiona ni nini, anasema nitakijua siku nitakapokigonga. Naomba unifafanulie.*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, ila amekuachia kazi ya kutegua kitendawili ambacho yeye ndiye anayelipwa kukitegua.

Alama za barabarani ndiyo sehemu nyepesi ya somo, kwa sababu zilibuniwa makusudi zieleweke kwa kutupiwa jicho mara moja. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani uliziweka katika mpangilio ambao nchi nyingi zinaufuata: duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la buluu linaamuru, na pembetatu yenye ncha juu inatahadharisha, ingawa zipo nchi zinazotumia mraba wa njano uliosimama kwa ncha yake kwa tahadhari. Alama ya kusimama ina pembe nane, na ile ya kupisha ni pembetatu iliyopinduliwa, maumbo ambayo utayatambua hata ukiyaona kwa nyuma. Faida yake ni kwamba, ukikaribia makutano, unaweza kujua kama anayekuja kutoka barabara nyingine ndiye aliyeamriwa kusimama au kupisha. Wanaojifunza wachache sana huambiwa jambo hilo.

Sasa, alama imesimama mahali pamoja ikikungoja, lakini watoto, baiskeli na malori hayakungoji. Dereva mpya huelekea kukaza macho karibu na boneti, kwa sababu akili yake bado imeshughulika na klachi, usukani na mistari ya barabara, ilhali dereva mzoefu hutazama mbali, akarudi kwenye vioo, akapitisha macho kando, kisha akatazama mbali tena. Gharama ya kutazama karibu inaweza kupigiwa hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda takriban mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kutambua hatari na kuhamisha mguu, umekwisha kusogea mita 14 kabla breki hazijaanza kazi, na kwenye barabara kavu yenye tairi nzuri utahitaji nyingine kama 14 hivi ili kusimama kabisa. Hizo ni mita 28. Kama macho yako yalikuwa yanaishia mita 20 mbele, ulikwisha kuchelewa kabla hujafanya kosa lolote ambalo mtihani ungeweza kulipima. Kwa kilomita 100 kwa saa hali haiongezeki maradufu tu, maana umbali wa breki hukua kwa mraba wa mwendo: mita 28 za kutambua, na kama mita 55 za kusimama, yaani zaidi ya 80 kwa jumla.

Kwa hiyo, tazama mahali utakapofika baada ya sekunde 10 au zaidi, na utafute dalili badala ya kungoja vitu vyenyewe. Miguu inayoonekana chini ya lori lililoegeshwa ni mtu atakayetokea mbele yake. Tairi la mbele la gari lililoegeshwa likianza kugeuka, gari hilo linatoka. Kichwa cha mtu ndani ya gari lililosimama ni mlango unaoweza kufunguliwa. Mpira ukiviringika kukatiza barabara, anayeufuata hatatazama kushoto wala kulia. Zoezi ninalolipenda, ingawa wanafunzi wangu huona haya kulifanya, ni kusimulia barabara kwa sauti unapoendesha: nini unakiona, unadhani kitafanya nini, nawe utafanya nini. Mtu anayesimulia hawezi kusinzia kwa macho, na mwalimu aliye pembeni hujua mara moja ulichokiruka.

Nafasi kati yako na gari la mbele ipime kwa sekunde, kwa kuwa mita haziwezi kukadiriwa vizuri na mtu aliye mwendoni. Chagua nguzo, gari la mbele likiipita, hesabu polepole "mia moja na moja, mia moja na mbili". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Hizo ni sekunde 2 za barabara kavu. Mvua ikinyesha ziwe 4. Najua utakaloniuliza, kwamba ukiacha nafasi hiyo mtu atakuchomekea. Atachomekea, ndiyo. Legeza mguu, uiunde nafasi upya, na safari yako itachelewa kwa sekunde hizo hizo 2.

*Mwalimu, nina miaka 18 na leseni ya wiki tatu. Baba ananiruhusu kuendesha peke yangu mchana, lakini amekataa nisibebe marafiki, na saa 2 usiku gari liwe nyumbani. Nilifaulu mtihani ule ule alioufanya yeye. Je, hii ni haki?*

Baba yako, pengine bila kujua, ametunga sheria inayofanana na zile zilizotungwa na mabunge. New Zealand ilianzisha mwaka 1987 mfumo wa leseni ya hatua kwa hatua, ambapo dereva mpya hupita kipindi cha masharti: haendeshi peke yake kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, wala habebi abiria pasipo msimamizi mwenye uzoefu, isipokuwa wachache walioruhusiwa na sheria. Nchi nyingine nyingi zimefuata njia hiyo. Sababu ni kwamba tafiti zimeonyesha mara kwa mara kuwa uwezekano wa dereva kijana kupata ajali ya kuua huongezeka kadiri abiria wa rika lake wanavyoongezeka garini, na hupungua anapokuwa na mtu mzima kando yake. Si kelele tu zinazosababisha hayo. Mtu anayetazamwa na wenzake huendesha kwa ajili ya watazamaji, na hilo hata sisi wenye mvi tunalijua, ila tumejifunza kulificha.

Kuhusu usiku, fikiria taa. Zikiwa zimepunguzwa ili zisimuumize anayekuja, taa za mbele humulika barabara vizuri kwa takriban mita 40 hadi 60. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusimama kabisa kunahitaji kama mita 57 kwenye barabara kavu. Maana yake ni kwamba kwa mwendo ambao mchana unaonekana wa kawaida, usiku unaweza kuwa unaendesha kuelekea giza ambalo huwezi kusimama ndani yake. Anayekuja akikuacha na taa kali machoni, usimkodolee. Punguza mwendo, tazama mstari wa ukingo wa upande wako hadi apite.

Badala ya kudai haki, mpelekee Baba pendekezo: mwezi mmoja wa safari za mchana bila tatizo, kisha rafiki mmoja, kisha safari fupi za usiku yeye akiwa ndani ya gari. Wazazi hukataa ombi lisilo na mipaka upesi zaidi kuliko lile lililokuja na mipaka yake.

*Je, taa ya njano maana yake ni kukaza mwendo ili niwahi?*

Hapana. Njano inayofuata kijani maana yake ni kusimama, isipokuwa kama umeukaribia mstari kiasi kwamba huwezi kusimama salama. Hata kijani si amri ya kwenda. Ni ruhusa ya kwenda kama njia ni wazi, na hupaswi kuingia katikati ya makutano iwapo foleni ya upande wa pili haina nafasi ya kukupokea.

*Mimi siandiki ujumbe ninapoendesha. Naongea kwa spika, na kusoma nasoma kwenye foleni tu. Bado nina kosa?*

Katika nchi nyingi, kushika simu kwenye foleni ni kosa kisheria, maana gari lililo kwenye foleni bado liko barabarani na dereva wake bado ni dereva. Lakini tuiache sheria kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali unaokaribia mara 4 ya asiyeitumia, na linaeleza kwamba kuongea bila kushika simu si salama sana kuliko kuishika. Mikono imeachwa huru, akili imebaki kwenye mazungumzo. Abiria aliye kando yako hunyamaza akiona lori linakuja. Aliye kwenye simu haoni lori, naye anaendelea kukuuliza.

Kwa wanaosoma ujumbe mwendoni, hesabu ni fupi: kwa kilomita 90 kwa saa, sekunde 5 za kutazama chini ni mita 125 zilizosafiriwa bila dereva. Weka simu ndani ya mfuko, mfuko uwe kiti cha nyuma. Ramani ipange kabla hujawasha injini.

*Juzi mvua ilikuwa inanyesha, gari la mbele likasimama ghafla. Nilikanyaga breki kwa nguvu, pedeli ikaanza kutetemeka na kukwaruza chini ya mguu. Niliogopa nikaachia, nusura nigonge. Fundi anasema breki ni nzima. Ilikuwa nini?*

Fundi wako yuko sahihi, na kosa lilikuwa kuachia. Ulichosikia ni ABS, mfumo unaozuia matairi kufungamana wakati wa breki kali, ambao kwa umbo lake la kielektroniki ulianza kuuzwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978. Tairi lililofungamana huteleza, na tairi linaloteleza halitii usukani. Mfumo huu huilegeza na kuikaza breki mara nyingi kwa sekunde, haraka kuliko mguu wowote, na huo mtetemo ndio kazi yenyewe. Kanyaga, endelea kukanyaga, na utumie usukani kukwepa. Usidhani, hata hivyo, kwamba unafupisha umbali kila mahali. Kwenye kokoto gari linaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Nenda mahali patupu, kiwanja kipana kisicho na watu, ukanyage breki kwa nguvu ukiwa mwendo mdogo mpaka mguu wako uuzoee mtetemo huo, kwa maana mara ya kwanza kuusikia haipaswi kuwa siku ya hatari. Taa ya ABS ikibaki inawaka kwenye dashibodi, rudi kwa fundi.

Umetaja mvua. Dakika za mwanzo za mvua baada ya ukame mrefu ni mbaya sana, kwa kuwa maji huinua mafuta na vumbi vilivyoshikamana na lami kabla ya kuvisafisha. Mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji chini yake, na nchi nyingi zinadai kina kisichopungua milimita 1.6, kiwango ambacho mimi nakiona ni cha kukwepa faini kuliko cha kuendeshea kwenye mvua kubwa. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, gari linaelea juu ya maji: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki ghafla, na ungoje matairi yaguse lami.

*Mwanangu ana miaka 17 na ananitaka nikae naye akifanya mazoezi. Kila tukitoka tunarudi tumenuniana. Nifanye nini? Mama wa dereva.*

Mama, hauko peke yako. Nilifundisha watoto wa watu kwa utulivu kwa miaka, kisha nikamfundisha wa kwangu, nikapiga kelele "breki!" mahali pasipo na hatari yoyote. Alinitii. Gari la nyuma liliponea chupuchupu, nami sikuwa na la kujitetea.

Anzeni na gari likiwa limesimama. Kiti kiwe umbali ambao kifua chake hakisogelei usukani chini ya sentimita 25, ili mfuko wa hewa upate nafasi ya kufunguka. Kizuizi cha kichwa kifikie usawa wa juu wa kichwa. Mkanda upite begani na juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Mkanda huu wa ncha tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na hadi leo hakuna kifaa kilichochukua nafasi yake, mfuko wa hewa ukiwa msaidizi wake tu. Aliye kiti cha nyuma naye afunge, kwani akirushwa atamwangukia aliye mbele.

Mkiwa mwendoni, toa maelekezo mapema na kwa mpangilio mmoja, mahali kwanza, tendo baadaye: "baada ya lile jengo jeupe, kata kushoto". Ukianza na tendo, atakata kabla hujamaliza sentensi. Usiseme "sawa" bila kueleza unachomaanisha, maana dereva mpya huchukua kila neno kama amri. Kosa likitokea, lizungumzeni gari likiwa limeegeshwa. Safari ziwe fupi, dakika 30 au 40, barabara tulivu kwanza, kisha zenye magari, kisha mvua na usiku, wala msiruke hatua kwa sababu mtihani umekaribia. Na siku mliyonuniana kabla hata ya kutoka ndani, funguo zibaki mezani.