Kabla ya Kung'oa Gego, Mwambie Daktari Akushike Taya

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji. Sikio linamuuma kwa miezi sasa, matone ametiwa, dawa amemeza, na daktari wa masikio amemwambia sikio ni zima kabisa. Sasa amepangiwa kung'olewa gego. Dada yangu, nakuomba uahirishe: huenda tatizo ni taya.

Mimi langu lilishang'olewa. Aliyeling'oa alitazama eksirei mara moja tu, akasema huenda mzizi ndio mbaya. Ganzi ilipoisha, maumivu yalikuwa palepale. Mpaka leo ulimi ukipita kwenye lile pengo nakasirika, kwa sababu hakuna aliyenigusa shavu kabla ya kushika koleo.

Aliyegundua kwamba tatizo langu ni taya hakuanza na mashine. Aliniuliza kama naamka mashavu yamekaza, kama nasaga meno usingizini, kama taya limewahi kugoma kufunguka. Kisha akaweka vidole mbele ya masikio yangu nikifungua na kufunga mdomo, akabonyeza misuli ya kutafunia na ya kwenye panja. Kila alipobonyeza aliuliza, "Haya ndiyo maumivu unayoyajua?" Nilitoa machozi. Ndiyo yalikuwa yenyewe! Swali hilo ndilo kiini cha uchunguzi: vigezo vya kimataifa vya kutambua matatizo ya taya, vilivyochapishwa mwaka 2014, vinataka maumivu yale yale ya mgonjwa yaamshwe kwa kubonyeza au kwa kuchezesha taya. Mwisho alipima kwa rula nafasi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini nikiwa nimepanua mdomo. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha kama milimita 40 au zaidi. Mimi nilikuwa mbali na hapo.

Kiungo cha taya kimekaa mbele kabisa ya sikio, na mshipa wa fahamu unaokihudumia unahudumia pia sehemu ya sikio. Ndiyo maana tunatibiwa masikio mazima. Mara nyingi tatizo ni misuli iliyochoshwa na kukaza meno, hasa mtu akiwa na msongo wa mawazo. Wengine kisahani cha gegedu ndani ya kiungo kimehama, wengine wana baridi yabisi au waliumia taya. Taya likilia bila maumivu, kwa kawaida halihitaji tiba. Eksirei haionyeshi kisahani. MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ndiyo hukionyesha, na si kila mtu anaihitaji.

Ndugu zangu, acheni kunyamaza mbele ya daktari! Mwili ni wako. Dai ushikwe taya kabla ya kukubali jambo lisilorudishika. Wakati unasubiri, midomo ifungwe lakini meno yasigusane, kula vyakula laini, kanda mashavu kwa kitambaa chenye joto, na acha jojo.

Ila ukiwa umevuka miaka 50, taya likachoka ukitafuna, panja likauma na macho yakaanza kufifia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda mshipa wa damu wa panja umevimba, na unaweza kukupofusha. Vivyo hivyo taya likiuma pamoja na kifua kubana: huo unaweza kuwa moyo.