Maswali ya Wasomaji: Kichocho, Mto na Vijana Wetu

SWALI: Assalamu alaykum. Ninasomesha skuli moja huku Wete. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wa miaka 13 hadi 16 wasiende mtoni kwa sababu ya kichocho. Kwenye mtihani wanajibu vizuri, jioni nawakuta huko huko. Nibadilishe nini?
Mwalimu, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Amri ya "msiende mtoni" haishiki kwa sababu wengi hawaendi kucheza tu. Wapo wanaotumwa kufua, na siku bomba likikauka nyumba nzima hutegemea kijito. Wasomeshe njia anayopita mdudu wa kichocho, yaani mnyoo, kwani kila hatua ina mahali pa kuikata, na ya kwanza imo mikononi mwao wenyewe.

Anza na mkojo. Mayai ya minyoo hutoka na mkojo wa mgonjwa. Yakiangukia maji yasiyo na chumvi hupasuka baada ya dakika chache, na kiluwiluwi kinachotoka kisipompata konokono wa jamii ya Bulinus ndani ya siku moja hivi, kinakufa. Kikimpata, huzaliana humo kwa wiki kadhaa. Kisha konokono huachia viluwiluwi vipya, mamia kwa siku, jua linapopanda na zaidi karibu na adhuhuri. Hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi ya anayeoga au kufua. Kwa hiyo kijana anayekojoa mtoni leo anawapandia wenzake maradhi ya mwezi ujao au wa pili. Lisemeni hilo darasani waziwazi. Mara nyingi halisemwi kwa haya, na bila hilo somo halina mguu.

Halafu wape karatasi ya manila wachore mto wao: wapi kuna majani na konokono, wapi watu wanafua, wapi wanakojoa, saa ngapi wanakwenda. Wao wanaujua kuliko sisi. Kutokana na ramani hiyo wapange wenyewe: kila mtu akojoe chooni kabla ya kutoka nyumbani, na maji ya kuoga na kufua yatekwe, yachujwe kwa kanga iliyokunjwa ili konokono wasiingie, yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko kwa saa 48. Kufikia hapo viluwiluwi vimekufa. Kinachoharibu mpango huu ni kumimina ndoo mpya kila jioni katika pipa lile lile, maana hesabu ya saa 48 inaanza upya. Yanatakiwa mapipa mawili, moja linatumika na jingine linasubiri. Maji ya kunywa bado yachemshwe. Kwenda alfajiri kunapunguza hatari, hakuiondoi.

Siku ya kugawa dawa, wanafunzi wapate chakula kwanza. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na aliyetapika mwaka huu atajificha mwakani. Vidonge vya miligramu 600 hutolewa kwa kipimo cha urefu: wa sentimita 150 hadi 160 hupewa 3, anayezidi hapo hadi 178 hupewa 4. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka, wala haikingi maambukizi mapya. Anayerudi majini wiki ile ile asishangae akikojoa damu tena baada ya miezi michache. Na wapo wavulana wanaodhani damu hiyo ni dalili ya kubaleghe. Waambieni mapema kwamba sivyo.

SWALI: Binti yangu ana miaka 15. Analalamika mkojo unachoma, anawashwa na kutokwa uchafu sehemu za siri. Amepewa dawa mara mbili, hapati nafuu, na watu wameanza kumdhania mabaya.
Mama, Micheweni

JIBU: Pole sana, mama, na mpe pole binti. Tafadhali usimshitaki kabla ya kupimwa. Mayai ya kichocho hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, yakaleta muwasho, uchafu, maumivu na hata damu, dalili zinazofanana sana na za maradhi ya zinaa. Dawa za maradhi hayo haziui minyoo. Mrudishe kituo cha afya, na umweleze daktari kwamba anafua au anaoga kijitoni, kwa sababu asipoambiwa huenda asiulize. Mkojo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Ukionekana safi, msiishie hapo: mayai yanaweza kuwamo kwenye kizazi na yasionekane kwenye mkojo. Ni vizuri apimwe na maradhi mengine pia, kwani mtu anaweza kuwa na mawili pamoja. Akigundulika mapema, prazikwanteli ndiyo dawa. Vidonda vilivyokaa miaka ni vigumu kupona na huweza kuharibu uzazi, ndiyo maana hatupendi mambo haya yafichwe.

SWALI: Sisi tunaogelea baharini kila siku. Tutapata kichocho?
Mwanafunzi, Nungwi

JIBU: Hapana, mwanangu. Konokono wa kichocho haishi kwenye maji ya chumvi. Ila mkitoka baharini msijisuuze chumvi kwenye kijito au dimbwi. Tumieni maji ya bomba au ya kisima.