Jibu: Ruzizi unatiririka kuelekea wapi?

Jambo ndugu. Umeuliza kama mto Ruzizi unaleta maji ya Ziwa Tanganyika huku Ziwa Kivu au unapeleka ya Kivu kule, maana mwenzako anashikilia kwamba maji yetu yanaenda Nile.

Weka ramani pembeni, angalia mwinuko kwanza. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika karibu 770. Basi mto unatoka Kivu, hapa hapa Bukavu, na kushuka kusini. Simama mpakani upande wa Cyangugu, Rwanda, utazame maji, utaridhika. Hadi kukaribia mji wa Kamanyola unapita kwenye makorongo kwa kasi, ndiyo maana mabwawa ya umeme, Ruzizi I na II, yamejengwa huko juu. Ukifika uwandani unatulia, unajipindapinda mpaka ziwani, kati ya Uvira na Bujumbura.

Mwenzako ana ukweli kidogo: zamani sana Kivu ilimwaga maji kaskazini, upande wa Ziwa Edward ambalo maji yake huenda Nile, kabla volkano za Virunga hazijaziba njia. Siku hizi maji hushuka Tanganyika, kisha yanatoka huko kwa mto Lukuga, pale Kalemie, yanaingia mto Kongo hadi Atlantiki. Ukichora ramani, huo Lukuga uchore pia, wengi wanausahau.